Rivyu ya Google kutoka kwa mtu wa steshenari: hawa jamaa wanakula wapi?

Jumamosi iliyopita mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, mbele na nyuma, akakuta namtafutia binti mmoja fomu ya chuo, akasimama nyuma yangu anaangalia kioo cha kompyuta, afu akaniuliza, mwanangu, hiyo Google we unailipa shilingi ngapi kwa mwezi? Nikamwambia silipi kitu mzee wangu, ni bure. Akacheka kile kicheko cha wazee cha kukuonea huruma. Bure? Miaka yote hiyo? Sasa hao wenyewe wanakula wapi?

Nikamjibu harakaharaka, matangazo mzee, maana foleni ilishafika mlangoni. Yeye akachukua kopi zake akapapasa mfukoni akasema mia mbili yako nakuletea, akaondoka. Ila lile swali likanikaa kichwani wiki nzima, ndo nikasema ngoja niandike rivyu kabisa, maana sisi tunafanyia rivyu chipsi mayai, tunafanyia rivyu saluni na bando na mabasi, ila hiki kitu tunachokishika kuanzia asubuhi mpaka usiku hakuna anayekaa chini akasema hapa kizuri hapa kibaya.

Mjue kwanza anayeongea ni nani. Nina steshenari Moro, maeneo ya chuo, huu mwaka wa saba. Kompyuta mbili, printa mbili na moja ina roho ya paka. Kopi shilingi mia, kuna kuskani, kuna laminesheni, ila hela yenyewe iko kwenye kuwafanyia watu maombi ya mtandaoni, mikopo ya wanafunzi, ajira, vyeti vya kuzaliwa, vyuo. Na hapa nimegundua kitu, watu hawaji wakasema nifungulie tovuti ya fulani, wanakuja wanasema "niingizie Google niangalie matokeo", yani kwa wateja wangu wengi Google ndo intaneti yenyewe, hakuna mlango mwingine. Kwahiyo mi naitumia kwa niaba ya watu kama hamsini kwa siku, wengine maprofesa na wengine hawajawahi kushika mausi, nadhani nina haki ya kuongea.

Nianze na mazuri maana yapo na ni mengi. Kutafuta kwenyewe bado hakuna wa kuwafikia. Mtu anaandika neno limekosewa herufi tatu, nusu kiswahili nusu kiingereza, na bado anafikishwa anapotaka. Siku ya matokeo ya kidato cha nne duka linajaa wazazi na wajomba, mmoja anataja jina la shule kwa lafudhi ya kwao mi mwenyewe silielewi, naandika nilivyosikia, inaniletea jina sahihi. Hapo nawapa maksi zote sina kinyongo.

Afu kuna hii ya kuongea badala ya kuandika. Kuna mama mmoja mfugaji wa Kihonda alikuja na simu yake ya tachi akaniambia kijana nitafutie dawa ya kuku, vidole vyangu havitaki kuandika. Nikamwonyesha kale ka-maiki pale kwenye kisanduku cha kutafutia, nikamwambia ongea mama kama unavyoongea na mimi. Akasogeza mdomo karibu kabisa na simu utadhani anaongea na mtu aliyeko ndani ya pango, akasema "kuku wangu wanasinzia na wanaharisha kijani nifanye nini". Maneno yakaanza kujipanga yenyewe pale kwenye kioo, kwa Kiswahili, akashtuka akaisukuma simu mezani. Yakaja mambo ya kideri na chanjo, tukasoma wote, nikamwambia sasa haya mpelekee bwana mifugo akuhakikishie. Hiyo huduma ya kuandika kwa sauti waliiweka kwenye Kiswahili mwaka 2017 mwezi wa nane, na walitenganisha Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, ambayo mi naona ni heshima, mtu alikaa akajua hatuongei sawa. Tafsiri ya Kiswahili wao walishakuwa nayo tangu 2009. Kwa kampuni ya California ambayo kwa lugha hii haipati hela ya maana, wamejitahidi.

Ramani nayo. Duka langu nimelipandisha pale bure, wakaniambia nipige video fupi kuonyesha kibao na mlango, basi, sasa hivi mwanafunzi mgeni anashuka stendi anakuja moja kwa moja. Nina nyota nzuri tu isipokuwa jamaa mmoja alinipa nyota moja kaandika "wanafunga mapema", siku hiyo nilikuwa msibani Ifakara. Sijamjibu. Siku moja nitamjibu.

Ngoja niseme na hili la usalama maana ni la kweli na liliniuma. Mwaka juzi alikuja kijana anaomba kazi serikalini, ana linki aliyotumiwa kwenye grupu, akasema bro hii hapa nijazie. Tukafungua, ina nembo ya taifa, ina rangi zote, ina sehemu ya kuweka namba ya kitambulisho, mwisho inasema tuma elfu kumi ya fomu kwenye namba hii. Akatuma palepale dukani kwangu kabla sijamaliza hata kusoma. Hewa. Baadaye nikaenda kutafuta mwenyewe, nikashuka taratibu mpaka kwenye anwani inayoishia go.tz, pale hakuna mtu anayedai hata senti. Tangu siku hiyo nimebandika karatasi ukutani kwa maandishi makubwa, ANGALIA MWISHO WA ANWANI, na mtu akija na linki ya grupu namwambia funga hiyo tuanze upya.

Sasa turudi kwa mzee. Wanakula wapi?

Kampuni mama inaitwa Alphabet, Google iko ndani yake tangu 2015, na mwaka 2024 waliingiza dola bilioni 350, faida baada ya kutoa kila kitu ikapita dola bilioni 100. Hizo ni dola. Ukizigeuza shilingi kalkuleta yangu ya dukani haina nafasi ya sifuri. Katika kila dola 100 zinazoingia, kama 75 hivi ni za matangazo, na kubwa kuliko zote ni yale matangazo ya kwenye kutafuta, sio ya YouTube kama wengi tunavyodhani kwasababu ndo yanatukera. YouTube waliinunua 2006 kwa dola bilioni 1.65, watu wakawacheka, leo hakuna anayecheka.

Inavyofanya kazi ni mnada. Tuseme unaandika "fundi friji Morogoro". Ile sekunde unabonyeza, pale nyuma unapigwa mnada wa hayo maneno, mafundi waliojiandikisha kila mmoja alishasema mtu akibonyeza tangazo langu niko tayari kutoa kiasi hiki, mashine inaangalia nani katoa dau kubwa na tangazo la nani linaendana na ulichotafuta, inapanga, we unaona majibu. Na anayetangaza halipi mpaka ubonyeze. Hapo ndo utamu ulipo, kwasababu tangazo la redioni unalilipia hata kama msikilizaji kalala, hili unalilipia mtu akiwa tayari kanyoosha mkono anatafuta friji itengenezwe. Nani atakataa?

Na wala sio wao waliobuni. Kulikuwa na kampuni inaitwa GoTo ya jamaa anaitwa Bill Gross, ndo walianza kuuza maneno kwa mnada 1998, watu wakawaona wahuni kwamba unauzaje majibu. Google wakaanza matangazo yao mwaka 2000 na watangazaji 350 tu, 2002 wakahamia kwenye mtindo huo wa kulipa kwa kubonyezwa, GoTo ambayo ilishabadili jina kuwa Overture ikawashtaki, baadaye Overture ikanunuliwa na Yahoo, na 2004 Google wakamalizana na Yahoo kwa kuwapa hisa milioni 2.7, siku chache kabla ya kuingia soko la hisa kwa dola 85 kwa hisa. Hesabu za majuto hizo wafanye wenyewe. Na inasimuliwa kwamba 1999 kampuni ya Excite iliambiwa ichukue Google nzima kwa dola laki saba na nusu ikakataa, sasa hata jina Excite wateja wangu hakuna anayelijua.

Malalamiko yangu kwenye matangazo ni moja, alama. Zamani yale ya kulipiwa yalikuwa na rangi yake kwa nyuma, unaona kabisa hapa ni biashara hapa ni majibu. Kuanzia 2013 rangi ikaanza kuondolewa, imebaki kaneno tu, Sponsored, ambako mama wa Kihonda hajui maana yake na hata wanafunzi wengi wanakapita. Mi nimezoea kushuka chini, ila mtu wa kawaida anabonyeza cha kwanza, cha kwanza ndo cha kweli kwake. Kampuni yenye akili zote hizo ingeshindwaje kuweka rangi? Haikushindwa. Nyota mbili hapo.

Sasa hii ya mahakamani ndo imenifanya niwaelewe vizuri zaidi, na nitawaeleza kwa kilemba.

Nilipoanza biashara kulikuwa na fremu mbili wazi. Moja getini kabisa, mwanafunzi akitoka tu pua inagonga mlango wako, nyingine ndani kidogo nyuma ya mama ntilie. Ya getini mwenye nyumba alitaka kilemba, mbali na kodi, hela ya kuingilia tu. Nikashindwa, nikachukua ya nyuma, aliyelipa kilemba akapata wateja wote hata kama printa yake inatoa mistari. Miaka miwili mizima watu walikuwa wanatoa kopi zenye mistari kwasababu ndo ya kwanza kuiona.

Google nao wanalipa kilemba. Ukinunua iPhone ukafungua Safari, ile brauza yake, ukaandika kitu, kinachokutafutia ni Google, hukuchagua, kimekaa pale. Kimekaa pale kwasababu Google waliilipa Apple dola bilioni 20 kwa mwaka 2022 peke yake, na hiyo ni asilimia 36 ya hela ya matangazo yanayotokana na hao watu wa Safari. Ukijumlisha na wengine, Samsung, kampuni za simu, Mozilla wenye brauza ya Firefox na kina nani, mwaka 2021 kilemba chote kilikuwa dola bilioni 26.3. Haya yalitoka mahakamani Washington maana serikali ya Marekani iliwashtaki Oktoba 2020, kesi ikasikilizwa 2023, na tarehe 5 Agosti 2024 jaji Amit Mehta akaandika wazi kwamba Google ni mhodhi, yani kaling'ang'ania soko peke yake, na imevunja sheria kulinda uhodhi wake. Kwa Marekani walikuwa na asilimia 89.2 ya utafutaji wote, na kwenye simu karibu 95.

Sasa mi swali langu ni lile la getini, kama printa yako ndo bora kuliko zote, kilemba cha bilioni 20 kila mwaka cha nini? Mtu anaogopa nini? Jibu nililolipata ni kwamba anaogopa mwanafunzi asije akazoea kupita nyuma kwa mama ntilie. Maana watu hawabadilishi. Mi mwenyewe kwenye kompyuta yangu ya kwanza sijawahi kubadilisha, miaka saba, na hakuna aliyenishika mkono.

Serikali ikataka Google iuze Chrome, brauza yao, iuze kabisa. Hapo watu wakachangamka, kuna kampuni changa ya Perplexity ikajitokeza Agosti 2025 ikasema sisi tunainunua kwa dola bilioni 34.5, ambayo ilikuwa zaidi ya thamani ya hiyo kampuni yenyewe, sawa na mimi nitangaze nanunua jengo zima la chuo. Septemba 2, 2025 jaji akatoa hukumu, Chrome hawauzi, kulipa wanaruhusiwa kuendelea kulipa, ila mikataba ya kumfunga mtu aweke Google peke yake marufuku, na baadhi ya data za utafutaji wawape washindani. Kesho yake hisa zao zikapaa. Ukiona umehukumiwa na hisa zinapanda jua hukumu ilikuwaje. Jaji mwenyewe alisema ujio wa akili mnemba (AI) umebadilisha mwelekeo wa kesi, kwamba sasa wana washindani wa kweli.

Kuna nyingine ya Virginia, jaji Leonie Brinkema, Aprili 2025, hiyo ni ya mitambo ya matangazo yanayokaa kwenye tovuti za watu wengine, nako wakaonekana wana makosa. Na Ulaya wao ni faini tu kila baada ya muda, euro bilioni 2.42 mwaka 2017, bilioni 4.34 mwaka 2018 kwa mambo ya Android japo mahakama iliipunguza kidogo, Septemba 2025 tena bilioni 2.95. Zinasikika kubwa ila ukiweka pembeni ya faida ni kama trafiki kumwandikia elfu thelathini mwenye mabasi ishirini, analipa huku anapiga miayo.

Akili mnemba sasa. Nilisema wana washindani, na walishtuka kweli. ChatGPT ilipotoka mwisho wa 2022 wakakimbilia kutangaza Bard, mashine yao ya kujibu maswali kama hiyo, Februari 2023, na kwenye tangazo lao wenyewe la kuitambulisha ikakosea jibu kuhusu darubini ya anga ya James Webb, siku hiyo thamani ya kampuni ikashuka kama dola bilioni 100. Jibu moja! Mwezi mmoja kabla, Januari, walikuwa wametangaza kupunguza wafanyakazi 12,000. Mwaka uliofuata Bard ikabadilishwa jina ikawa Gemini, na Mei 2024 wakaweka kwenye utafutaji lile boksi la juu la majibu, likaanza Marekani, siku chache tu baadaye likamshauri mtu aweke gundi kwenye piza ili chizi isidondoke. Kumbe lilikuwa limeokota utani wa mtu wa zamani mtandaoni likauchukulia ukweli. Mi nilicheka mpaka mteja akaniuliza kulikoni.

Limeboreshwa, nikubali, na kwa haraka haraka linasaidia, mtu anauliza Pasaka mwakani tarehe ngapi anapata anaondoka. Ila naona linabadilisha biashara nzima. Zamani Google alikuwa kama yule mtu wa stendi, unamuuliza duka la spea liko wapi anakuonyesha kidole, unaenda dukani, mwenye duka anauza. Sasa hivi unamuuliza anakujibu palepale kwa kile alichosikia kwenye hayo maduka, we unageuza unarudi nyumbani, mwenye duka amekaa mlangoni anafukuza nzi. Pew, taasisi ya utafiti, walifuatilia watu wa Marekani Machi 2025 wakakuta lile boksi likitokea watu wanabonyeza tovuti mara 8 katika 100, lisipotokea mara 15. Karibu nusu hiyo imekufa. Chegg, wale waliokuwa wanauzia wanafunzi majibu ya homuwek, waliishtaki Google Februari 2025 kwa sababu hiyohiyo, na Penske Media wenye magazeti ya burudani nao Septemba. Siwaonei sana huruma Chegg, ila fikiria yule kijana wa kibongo anayeandika blogu ya ufugaji ambayo mama wa Kihonda alitakiwa aisome. Akikosa watu ataacha kuandika. Akiacha, boksi litaokota wapi ya Kiswahili?

Mi mwenyewe nimeguswa kwa namna yangu, mwanafunzi anakuja ananionyesha simu anasema bro niprintie hii, ni lile boksi lilelile kalipiga picha, ndo asaimenti yake. Nampa kalamu namwambia angalau kaandike jina lako. Hela napokea.

Huku kwetu Google wana historia yao pia na watu hawaisemi. Kenya 2012, kulikuwa na kampuni inaitwa Mocality, ilikuwa imejenga orodha ya biashara nchi nzima kwa jasho lake. Wakaanza kusikia wateja wao wanapigiwa simu na watu wanaosema wanatoka Google kuwauzia tovuti. Walichofanya Mocality ni akili ya kizaramo kabisa, wakaweka mtego, yule anayechungulia orodha akifungua anaonyeshwa namba za Mocality wenyewe, wakapokea simu wakarekodi kila kitu, mpigaji anadanganya kwamba wanashirikiana na Mocality. Wakaweka hadharani. Google wakaomba radhi hadharani, wakasema wamefedheheka.

Afu yale maputo ya Loon. Alphabet walirusha maputo juu angani, kama kilomita ishirini huko, yanamwaga intaneti, na nchi ya kwanza kuyatumia kibiashara ilikuwa Kenya, Julai 2020, pamoja na Telkom, maputo kama 35 kwa eneo la karibu kilomita za mraba 50,000. Januari 2021 wakatangaza wanafunga mradi, gharama haishuki. Miezi sita! Hata mimi fremu ya nyuma ya mama ntilie niliivumilia zaidi ya hapo. Na hiyo ndo tabia yao mbaya kuliko zote, ukiwapenda sana kitu wanakiua. Google Reader 2013, Google+ 2019, Stadia ya magemu Januari 2023. Kitu chao kikiwa kipya mi nasubiri miaka miwili kwanza.

Ila 2022 wamefungua kituo cha kutengeneza bidhaa Nairobi, cha kwanza Afrika, na Mei 2024 wakatangaza mkongo wa kutoka Kenya kupitia Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia, Zimbabwe mpaka Afrika Kusini, kutoka hapo unazama Bahari ya Hindi mpaka Australia. Jina wameuita Umoja. Mmeona nchi gani haipo kwenye hiyo orodha? Jina wachukue kwetu, waya upite kwa jirani. Haya.

Na ile gigabaiti 15 ya bure msiisahau, ni ya imeli, mafaili na picha vyote kwa pamoja. Mpaka mwisho wa Mei 2021 picha ulikuwa unaweka bila kikomo, Juni mosi wakaanza kuhesabu, na kufikia hapo mtu alishaweka mtoto tangu kuzaliwa, harusi, msiba wa babu, atahamia wapi? Ni kuonjesha, wauza kahawa wa stendi wanaijua hiyo. Kama unasubiri imeli ya kuitwa kazini na akaunti imejaa, anza kufuta video kubwa kwanza, usihangaike na imeli moja moja.

Maksi zangu: kutafuta tano kasoro kidogo, sauti na ramani tano, matangazo mbili kwa sababu ya ile rangi, boksi la akili mnemba tatu leo na sijui kesho, kudumu na vitu vyao moja. Unatakiwa ujaribu na wengine? Ndio, DuckDuckGo na Bing wapo na ni dakika moja kwenye settings, mi nimeweka DuckDuckGo kwenye ile kompyuta ya pili, wateja wanaikwepa wanapanga foleni kwenye ya kwanza.

Mzee amepita leo asubuhi. Nikamwambia mzee wangu nimepata lile jibu, nikamkalisha kwenye benchi nikamweleza mnada, nikamweleza kilemba, bilioni 20 za dola kwa mwaka kumlipa mwenye simu tu ili wakae getini. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka akachukua fimbo yake. Akasema kumbe wana hela namna hiyo, basi ile mia mbili yako ya kopi kawadai wao.